Kelele za Binti Yangu

Mwalimu wa dini hakutaka kile kiredio walichokikuta chini ya godoro la binti yangu bwenini kilale ofisini kwake. Alikuwa amekitia ndani ya mfuko wa karatasi wa kubebea mkate, akakisukuma kwangu juu ya meza kwa ncha ya kalamu. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa pili, mkoba magotini. Binti yangu alisimama kando ya kabati. Naibu wa mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alitazama nje ya dirisha kana kwamba ng'ombe wa shule ndio walioitwa kikaoni.

"Mama, enda na hii kitu ukasikize mwenyewe," mwalimu wa dini akasema. "Usikie chenye mtoto anajilisha na masikio. Halafu wiki ijayo mrudi, wewe na yeye, utuambie umesikia nini. Na uiharibu hapa mbele yetu, na mkono yako."

"Na nisiporudi?"

"Basi atafute shule ingine ya kufanyia mtihani."

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kidato cha nne, na muhula ulikuwa ule ule. Hakuna shule inayopokea msichana aliyefukuzwa kwa ibada ya shetani, maana hivyo ndivyo walivyoiita, na huku kwetu jina hilo likishampata mtoto hata maji ya moto hayalitoi. Nilikuwa na hasira. Niliwakasirikia wao, kisha nikamkasirikia yeye, kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa kuvaa kitambaa changu kizuri cha kichwa kuja kuaibishwa. Nikachukua ule mfuko, nikautia mkobani, tukaondoka.

Njiani sikumsemesha. Tulipofika nyumbani Nyeri nilimpa vyake vyote nikiwa bado nimesimama mlangoni. Kwamba ninamsomesha kwa uzi. Kwamba vidole vyangu vimekuwa hivi kwa sababu ya karo yake. Kwamba kama baba yake angekuwepo. Hapo nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitamtaja baba yake katika ugomvi, na tayari nilikuwa nimemtaja. Yeye aliinama tu akafungua kamba za viatu. Ana tabia hiyo ya kunyamaza mpaka unaona haya ya kupiga kelele peke yako. Ameipata kwa watu wetu wa Othaya, na huenda ameipata kwangu.

"Ni nini hii lakini?" nikamuuliza nilipopoa kidogo.

"Ni muziki tu, Mum."

"Muziki gani, ati mtu anatapika?"

"Ni metal. Ile ya pole pole inaitwa sludge, ni kama matope. Ile ya haraka inaitwa grindcore, hiyo ni kusaga. Hao wameziweka pamoja."

"Na hao ni akina nani?"

"Sijui. Ilikuwa ya msichana mmoja wa Doldol. Alihama shule akaniachia. Nyimbo ziko na namba tu."

Nikamwambia kiredio hicho hakitawashwa chini ya paa langu. Kilikuwa chekundu, kidogo kama kipande cha sabuni, kile cha kutia kadi ya nyimbo, ambacho wazee huku hutundika shingoni wasikilize mahubiri wakichuma chai. Nilikitazama juu ya meza jioni yote. Nilipika bila kuonja. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kesho yake nikaenda nacho kazini.

Kazi yangu ni kufuma sweta za shule. Nina chumba kidogo karibu na soko, na mashine ya kufumia inayoendeshwa kwa mkono: safu ndefu ya sindano, na juu yake kishikio unachokivuta kushoto na kulia, kushoto na kulia, na kila kikipita mstari mmoja wa sweta umezaliwa. Chini ya kitambaa unatundika vyuma vya kukivuta kisikunjane. Ninawafumia shule kadhaa za Nyeri na Karatina, na mojawapo ni shule ile ile iliyonirudishia mtoto. Sweta zao za kijani zilikuwa zimerundikwa nyuma yangu, zinasubiri kola, na asubuhi hiyo sikutaka hata kuzigusa.

Nilitia kisikizio kimoja sikioni, nikakificha chini ya kitambaa cha kichwa kama mwizi, nikaanza kufuma.

Mwanzoni palikuwa na mvumo tu. Kisha gitaa, lakini gitaa iliyolegezwa nyuzi mpaka zikaning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Kisha ngoma, pigo moja. Nilisubiri pigo la pili kwa muda mrefu hata nikadhani betri imekwisha. Likaja. Halafu akaingia mtu, mwanamume au mwanamke sikuweza kujua, akitoa sauti ya ng'ombe ambaye ndama wake amekwama. Nikasema, haya, hiki ndicho walichokisikia. Nikavumilia. Ndipo bila kuaga kila kitu kikatimka mbio, ngoma na gitaa na yule mtu, vyote vikianguka kwa pamoja, na mimi nikashtuka nikavuta kishikio kabla uzi haujakaa sawa. Mbele nzima ya sweta ikaachia sindano ikaanguka sakafuni na vyuma vyake. Mama anayeuza viazi nje alichungulia akauliza kama nimeumia.

Nikazima. Nikaenda kunywa chai, nikaiacha nusu. Nikarudi, nikaokota vitanzi kimoja kimoja, nikatoka tena, nikatembea hadi stendi bila haja yoyote ya kwenda stendi, nikarudi. Mwaka ule nilikuwa hivyo. Makalio hayakukaa kitini. Kanisani nilibadilisha kiti ibada ikiendelea, na nilikuwa na mazoea ya kuanza kufagia chumba kimoja na kujikuta nakunja nguo katika kingine. Watu walidhani nina bidii.

Alasiri nikakiwasha tena. Nilijiambia ni kazi niliyopewa na shule.

Sasa, mimi si mtu wa kuficha. Nikishapenda kitu huwa nasema, na hiki nilikipenda kabla sijajua nimekipenda. Siku ya pili nilianza kutambua kwamba zile mbio hazikuwa fujo. Mtu asiyejua mashine yangu akisimama mlangoni mwezi wa Januari, wazazi wamejaa na mimi navuta kishikio bila kupumua, atasema ile ni kelele. Mimi nasikia kila sindano. Yule mpiga ngoma alikuwa hivyo. Alikuwa akijua mahali pa kila pigo, na palipotakiwa kunyamaza alinyamaza kwa ghafla kiasi kwamba nilisikia damu yangu masikioni. Nyimbo nyingine za mbio zilikuwa fupi kuliko kupiga chafya. Zilipita, na ukabaki unashangaa ni nini kimepita.

Na zile za polepole hazikuwa polepole kwa uvivu. Zilikuwa polepole kwa uzito. Mtu aliyebeba gunia hatembei kama mtu aliyelala. Walizipanga pia kwa akili: uzito, uzito, halafu mbio, halafu uzito tena wakati bado hujavuta pumzi. Wimbo wa saba ndio ulionikamata kabisa. Humo walikataa kuchagua. Ngoma ilikimbia kwa nguvu zake zote na gitaa zikakokota, zote mbili kwa wakati mmoja, na yule mtu katikati hajui afuate ipi. Niliurudia. Nikaurudia tena. Mwili unataka kukimbia na miguu imezama kwenye matope. Nikajua mtu huyo, popote alipo, ananifahamu.

Nilipokuja kupima sweta nilizofuma juma lile nikakuta ni nyembamba mno. Wimbo wa saba ulikuwa umenivutisha uzi kwa nguvu, zingemtosha mtoto wa nasari. Ikabidi nifumue zote na kuanza upya, sweta za kijani za shule ile ile, na sikuona ubaya wowote. Nilicheka peke yangu kwa mara ya kwanza tangu niitwe ofisini.

Jirani yangu ndiye aliyenikuta nacheka. Ni askari polisi, mwanamke wa kutoka magharibi aliyehamishiwa Nyeri, na tunaishi ploti moja, mlango kwa mlango. Alikuwa amekuja kuchukua sweta ya mtoto wake. Anajua mambo yangu yote kwa sababu kuta zetu ni nyembamba.

"Ndio hiyo shetani?" akauliza, akionyesha kiredio. "Hebu lete niskie chenye kimefukuza mtoto shule."

Nikampa. Alisikiliza akiwa amesimama, kofia kwapani, kidevu juu, kama mtu anayesikiliza redio ya kazini. Nilimwangalia uso. Nilitaka acheke, na niliogopa acheke. Hakucheka. Akakitoa kisikizio taratibu akakipangusa kwenye sweta yake.

"Sasa hawa walimu wako na shida gani? Huyu mtu amefiwa."

"Umejuaje? Umesikia maneno?"

"Maneno ya nini? Mtu akifiwa nani anaskiza maneno? Sisi kwetu unaanza kwa lango, mikono kwa kichwa, unalia hivi hivi mpaka ndani ya boma. Nilipozika mama nilipoteza sauti. Nilirudi kazini naongea kama chura." Kisha akaongeza kile alichokuwa amekiweka kwa muda mrefu. "Jirani, usinichukie. Ile siku ya mzee wako mimi nilishangaa. Nyinyi mlizika ni kama mnafunga mkutano. Saa saba kila mtu ako na sahani."

Nilimchukia. Nilimfungia sweta yake kwenye karatasi bila kumtazama, na akaenda zake akiniambia pole mlangoni.

Lakini alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Tulimzika mume wangu Othaya, kwenye shamba la baba yake, siku ya manyunyu. Palikuwa na hema, viti vya kukodi na mtu mwenye kipaza sauti aliyesema kila baada ya hotuba, tuwahi jamani, wengine wetu wametoka mbali. Huku kwetu mtu akilia kwa sauti watu huangalia chini na mmoja humshika akamweka nyuma ya hema. Shangazi yangu alinishika kiwiko mapema, kabla hata sijafungua mdomo. "Jikaze," akasema. "Watoto wanakuangalia." Nikajikaza. Nilitazama viatu vya mhubiri vilivyokuwa vimeshika matope mekundu, na nikafikiri juu ya kuvisafisha. Baadaye walinisifu. Walisema, huyo mama ni ngangari. Binti yangu alikuwa amesimama karibu nami, akiniiga, mikono nyuma, midomo imefungwa. Hakuna kati yetu aliyetoa sauti.

Nilirudia wimbo wa saba baada ya jirani kuondoka, na safari hii nilisikia kitu kingine humo. Nilisikia lori. Mume wangu alikuwa akiendesha lori la mchele, kutoka Mwea kuja Nyeri. Tulipokuwa bado tunaishi Othaya, alikuwa akilileta nyumbani jioni, na chini ya nyumba yetu kuna mteremko mkali ambao kwake ulikuwa mlima. Nilikuwa nikimsikia akianza kupanda, gia ya chini kabisa, injini ikikoroma na kusimama na kukoroma, nami naweka maji ya ugali motoni kwa sababu nilijua yatachemka yeye akifika. Ile gitaa iliyolegezwa ilikuwa hiyo gia. Ikapanda, ikapanda, na haikufika. Nilimkosa mume wangu siku ile kuliko siku niliyomzika. Niliacha kishikio katikati ya mstari, nikashika ukingo wa mashine, na hata hapo, mlango ukiwa wazi na mama wa viazi nje, nikajikaza.

Nikaanza kuamini kwamba binti yangu pia alikuwa akisikia lori. Nilidhani hiyo ndiyo sababu aliificha kadi ile chini ya godoro: kwamba bwenini, kati ya wasichana wa watu, alikuwa amepata mahali pa kumlilia baba yake. Moyo ulinilainika kwake. Nikampikia chapati katikati ya juma. Alinitazama kwa mashaka, akala.

Asubuhi ya kurudi shuleni nilijua nitakalosema. Nilikuwa nimeliandaa neno moja: uchafu. Nimesikiliza, ni uchafu, tunaomba msamaha. Neno hilo lingemrudisha mtoto darasani kabla ya chai ya saa nne. Nilitembea nalo tangu nyumbani. Sikuona ni dhambi kubwa, maana mzazi husema mengi ofisini kwa mwalimu mkuu.

Walikuwa wale wale, viti vile vile.

"Umesikiza?" mwalimu wa dini akauliza.

"Nimesikiza."

"Yote?"

"Yote." Sikusema mara ngapi.

"Na umesikia nini?"

Nikafungua mdomo kutoa neno langu na halikutoka. Si kwamba nilipata ujasiri. Sijui nilipata nini. Nilihisi kama nimeambiwa nimkane mtu akiwa amesimama karibu nami.

"Nimesikia mtu akilia," nikasema.

Naibu akageuka kutoka dirishani.

"Akilia?"

"Nafikiri amefiwa. Analia polepole, halafu analia haraka, halafu akichoka anarudi polepole. Mwalimu, watu hulia hivyo. Wale wanaolia."

Mwalimu wa dini akaweka kalamu chini. Niliona uso wake ukikunjamana. "Kwa hivyo mama unatuambia hakuna makosa hapa. Tukae tukijua mzazi pia ako upande huo."

Jasho lilinitoka kwapani. Nikaona mtihani unaondoka, nikauona kabisa, na ni mimi niliyeufungulia mlango. Nilitaka kurudisha maneno na sikujua pa kuanzia. Ndipo binti yangu akasema, akiwa bado pale kando ya kabati:

"Lakini mimi hata siipendi."

Sote tukamtazama.

"Sijawahi kuiskiza mpaka mwisho. Inaniumiza kichwa." Alikuwa akiongea na sakafu. "Dadi alipokufa wasichana walikuwa wanakuja kwa kitanda yangu kila jioni kuniombea. Wananishika kichwa. Wananiambia nilie ndio nitoe uchungu. Kila jioni. Nikifungua kitabu wanafunga. Sasa nikaweka hiyo kitu kwa sauti, wakaogopa, wakaacha kukuja. Ndio nikapata kusoma." Akainua macho kwa naibu. "Iharibiwe tu, Madam. Mimi nataka kufanya mtihani."

Nilijisikia mjinga kama mtu aliyeitikia salamu ya mwingine. Juma zima nilikuwa nimejiambia naingia ndani ya huzuni ya mtoto wangu, na humo ndani nilikuwa peke yangu. Nilimwonea fahari pia, nisiseme uongo. Alikuwa ametuokoa sote wawili kwa ukweli, wakati mimi nilikuwa nimeshindwa hata kusema uongo.

Naibu ndiye aliyeyamaliza. "Basi," akasema. "Twendeni jikoni."

Jiko la shule lilikuwa nyuma ya ukumbi, na moto mkubwa wa kuni ulikuwa ukiwaka chini ya sufuria ya githeri ya chakula cha mchana. Mwalimu wa dini alitaka kiredio chote kiingie motoni. Mpishi, mzee mwenye buti za mpira, akasimama katikati.

"Betri hapana," akasema. "Betri italipukia chakula ya watoto. Tia hiyo ingine."

Kwa hivyo nilitoa kadi peke yake. Ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Niliishika nikafikiri, namna gani wametia gitaa zile zote hapa ndani, na lori, na yule mtu. Mwalimu wa dini alianza kuomba kwa sauti. Nikanyoosha mkono nikaiacha ianguke kati ya kuni mbili. Haikutoa sauti yoyote. Niliuma meno. Kama shangazi yangu angekuwepo asingehitaji kunishika kiwiko.

Maombi yalikuwa marefu, na githeri ilichemka juu yake muda wote. Kengele ilipolia binti yangu aliokota mkoba wake. Alipiga hatua kadhaa, akarudi, akavuta mkono wa sweta yangu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Mum, uniletee sweta ingine. Hii yangu imekuwa fupi."

"Nitakuletea," nikasema, naye akaenda darasani.

Nilipaswa kutulia baada ya hapo. Mtoto yuko shuleni, jina lake limesafishwa, jirani yangu na mimi tunasalimiana tena. Nilimfumia sweta yenye urefu mzuri nikaipeleka. Lakini nilikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Kiredio kitupu kilikaa kwenye droo ya vifungo. Nilijaribu kuufuata wimbo wa saba kwenye mashine, ngoma kwa mkono wa kulia, gia ya chini kwa mguu sakafuni, na nilipata mwanzo tu. Kila siku kipande kimoja kilikuwa kinapotea. Nilikuwa nimeanza kusahau mahali yule mtu anapoingia, na hilo lilinitia hofu halisi, kwa sababu sauti ya mume wangu akiniita kutoka langoni nayo ilinipotea hivyo hivyo, kipande kwa kipande, na sikuona ilipoondoka.

Binti yangu nisingeweza kumuuliza. Mtihani ulikuwa umeanza, na sikutaka kulitaja jambo lile karibu naye hata kwa mzaha.

Siku moja ya soko, mchana, nikafunga chumba nikaenda kwa mtu anayewatilia watu nyimbo kwenye simu na kadi, karibu na stendi. Ni mwanamume wa umri wangu, ana kimeza, kompyuta iliyofunikwa nailoni kwa ajili ya vumbi, na spika mbili zinazopiga nyimbo za mugithi za Kikikuyu tangu asubuhi. Nilipanga foleni nyuma ya mama aliyetaka nyimbo za kwaya. Zamu yangu ilipofika nikaweka kiredio mezani.

"Nataka nyimbo fulani," nikasema.

"Za nani?"

"Sijui jina."

"Ni za Kikuyu?"

"Hapana."

"Ni gospel?"

Nilifikiri kidogo. "Hapana. Ni metal. Kuna ya matope na kuna ya kusaga. Wameziweka pamoja."

Alinitazama kitambaa cha kichwa, kisha viatu. Alikuwa mtu wa heshima, hakucheka. "Mama, hiyo sijaiskia. Lakini niimbie kidogo tu. Mimi hata nikiskia kidogo namna gani, nitaijua. Inaenda aje?"

Nikaangalia nyuma. Watu walikuwa wakipita na mizigo yao, kila mtu na haraka yake. Nikajisemea, nani ananijua hapa, ingawa nusu ya mji inavaa sweta zangu. Nikaanza na gitaa, mdomo umefungwa, chini kabisa kooni. Nikapiga pigo moja mezani kwa kiganja. Nikasubiri, kama wao walivyosubiri. Nikapiga la pili.

"Haya," akasema, akiinama kusikia.

Kisha palifika mahali pa yule mtu kuingia. Nilikumbuka mahali pale wakati ule ule nilipofika, nikafungua mdomo nimwigize kidogo tu ili jamaa ajue sauti ilivyo. Kilichotoka hakikuwa kidogo. Kilitoka tumboni, kikanipita, na nilipojaribu kukikatiza kikaongezeka. Nilisikia mama wa kwaya akisema uui. Nilishika meza. Kiganja changu kiliendelea kupiga haraka, haraka, bila mimi, halafu kikachoka, na sauti ikarudi polepole, halafu ikapanda tena, na mikono yangu ikawa juu ya kichwa changu, yote miwili, na sikuwa nimeipeleka huko. Hakuna aliyenishika kiwiko. Sijui iliendelea muda gani. Ilipoisha koo lilikuwa limekauka na uso wote umelowa, na watu walikuwa wamesimama kwa mbali kidogo na vikapu vyao.

Yule mwenye kompyuta alikuwa amezima spika zake. Sikuwa nimemwona akizizima. Alizunguka meza akaja upande wangu.

"Pole sana, mama," akasema. "Nani amekufa?"

"Bwana yangu," nikamwambia, na sauti ilikuwa ya chura.

"Woi. Lini?"

"Mwaka juzi."

Akanivutia kiti, nikakaa.